Kuchafua na Kusafisha: Dhana ya Uchafuzi wa Viwanda katika Mchezo wa Civilization

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ya kupanga mikakati, Civilization, uliobuniwa na Sid Meier na Bruce Shelley na kutolewa na kampuni ya MicroProse mwaka 1991, una nafasi ya pekee. Mchezaji huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na walowezi tu, kisha huliongoza taifa lake hadi zama za viwanda na safari za anga. Makala haya yanachunguza jinsi mchezo huu unavyousawiri uchafuzi utokanao na viwanda, kwa kulilinganisha toleo hilo la kwanza na Gathering Storm, nyongeza ya toleo la sita iliyotoka mwaka 2019. Hoja yetu ni kwamba neno uchafuzi linaafiki kanuni za toleo la kwanza, lakini halitoshi kuzieleza zile za 2019.

2.0 Maana ya Kuchafua

Kitenzi chafua kina uhusiano na kivumishi -chafu. Ijapokuwa kinaishia kwa -ua, si kauli ya kutendua kama fungua au zibua. Hata hivyo, matumizi yake yana dokezo la marejeo. Nguo iliyochafuka hufuliwa. Bahari iliyochafuka hutulia. Jina lililochafuliwa husafishwa. Katika mifano yote hii kitu chenyewe kimebaki. Kilichobadilika ni hali yake, na hali hiyo yaweza kuondolewa. Vitenzi kama angamiza na zamisha havina ahadi hiyo.

3.0 Toleo la 1991

Katika toleo la kwanza, kiwanda huongeza uzalishaji wa mji kwa nusu. Uzalishaji unapokuwa mkubwa, alama ya uchafu huweza kutokea katika mraba wa ardhi ulio jirani na mji, na mazao ya mraba huo hupungua. Mchezaji hutuma walowezi kuusafisha, nao baada ya muda hurejea hali yake ya awali. Aidha, aweza kujenga kituo cha umeme wa maji au cha kutumia taka upya ili kupunguza tatizo. Miraba michafu ikiachwa hadi ikawa mingi, joto la dunia hupanda, na baadhi ya ardhi hugeuka jangwa au kinamasi. Lakini hata kinamasi hicho chaweza kukaushwa na walowezi hao hao. Kwa ufupi, uchafuzi hapa ni deni linalolipwa kwa kazi: huonekana, una mahali pake, na husafishika.

4.0 Nyongeza ya 2019

Katika Gathering Storm mambo ni tofauti. Vituo vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe au mafuta hutoa hewa ukaa, na kiasi cha mataifa yote hujumlishwa pamoja. Jumla inapopanda, kina cha bahari hupanda kwa hatua, na nyanda za chini za pwani hufurika, kisha huzama. Maji hayachagui: taifa lisilo na kiwanda hata kimoja laweza kupoteza pwani yake kwa moshi wa wengine. Baadaye mchezaji aweza kuiondoa hewa ukaa angani, lakini mraba uliokwisha kuzama haurudi. Aweza pia kujenga ukuta wa kuzuia maji. Hata hivyo, gharama yake huongezeka kadiri bahari inavyopanda. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta inatimia hapa kwa maana yake halisi, na ukuta wenyewe hupanda bei kila unapocheleweshwa.

5.0 Hitimisho

Tofauti ya matoleo haya si ya burudani tu. Kanuni za mchezo ni hoja kuhusu ulimwengu, na hoja ya 2019 ni kwamba kukua kwanza na kusafisha baadaye kuna kikomo. Mwanafunzi anayesoma kitabuni kuwa viwanda huchafua hewa ana haki ya kutarajia kwamba hewa itasafishwa na mambo yatarejea kama zamani, kwani ndivyo kitenzi chenyewe kinavyomfundisha. Tunapendekeza, basi, kwamba uchafuzi libaki kwa taka na madhara yasafishikayo, na kwamba waandishi na wafasiri watumie ulimbikizaji wa hewa ukaa pale wanapozungumzia madhara yasiyorudi nyuma.