Umeungama, Lakini Mkeo Bado Analia

Tuseme jambo hili limekukuta. Ulianguka katika uzinzi, ukaishi nao kwa miezi, halafu siku moja ya Kwaresima ukapiga magoti mbele ya padre ukaungama kwa majuto ya kweli. Ukatoka kanisani mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Ulipofika nyumbani, mkeo, ambaye alikwisha kujua yote, alikuwa bado analia. Ukamwambia kwa ukali, "Mungu mwenyewe amenisamehe, wewe ni nani usinisamehe?" (Huenda ni wewe mama uliyekosa, neno ni lile lile.)

Neno hilo halifai, hata kama nusu yake ni kweli.

Usiwe na shaka juu ya ulichopokea. Dhambi ya mauti hufukuza neema ya utakaso tuliyopewa katika Ubatizo, na Sakramenti ya Kitubio huirudisha, kwa mamlaka ambayo Kristo aliwapa Mitume jioni ya siku ya Ufufuko (Yn 20:22-23). Kama ulijuta, ukaungama bila kuficha na kukusudia kuacha, dhambi ile haipo tena. Haikufunikwa blanketi, imeondolewa. Wala hukuilipia kwa machozi yako. Aliyelipa ni Kristo msalabani. Wako waume kwa wake wanaorudi kuungama kosa lile lile la zamani kila mwaka wakidhani bado limebaki, kana kwamba Mungu ni karani anayepoteza faili. Huko ni kutoamini.

Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha katika namba 1459 kwamba maondoleo huondoa dhambi bila kutengeneza madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Aliyeiba hana budi kurudisha. Aliyemchafulia mwenzake jina hana budi kulisafisha. Zakayo alielewa hayo bila kufundishwa (Lk 19). Na Daudi, baada ya Nathani kumwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, aliona bado machungu ya kosa lile nyumbani mwake (2 Sam 12).

Sasa tazama nyumba yako. Mkeo akisikia simu yako ikilia usiku, moyo unamruka. Fedha za karo zilikwenda kulipa kodi ya chumba cha mtu mwingine. Makumi machache ya Rozari uliyopewa kuwa malipizi ni mwanzo tu. Rudisha fedha hizo kidogo kidogo, naye azione zikirudi. Kata kabisa mawasiliano na yule mtu, na kama mnakutana naye katika chama au kwaya, toka wewe.

Kuna jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Maondoleo ya dhambi hayaondoi virusi vya UKIMWI mwilini. Nendeni wote wawili mkapimwe kabla ya kurudiana kitandani, na mrudie kipimo kwa muda atakaowaambia mhudumu wa afya, kwa sababu maambukizi mapya huenda yasionekane mara moja. Siku hizi dawa zipo, na anayejua hali yake mapema anaishi kulea watoto wake.

Na kama kuna mtoto aliyezaliwa huko nje, yeye hana hatia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mtunze, ila mkeo ajue ni kiasi gani unapeleka na kwa njia gani. Ukipeleka kwa siri, unafungua tena mlango ule ule uliodai umeufunga.

Nawe uliyekosewa, Kanisa halikuamuru usahau kufikia Jumapili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1152, inakusihi sana umsamehe mwenzi wako aliyezini na usivunje maisha ya pamoja. Hata hivyo inatambua haki yako ya kutengana naye, isipokuwa kama uliukubali uzinzi wake, ulikuwa chanzo chake, au nawe pia ulizini. Kutengana huko hakuvunji ndoa. Ujue pia kwamba ukiendelea kuishi naye kama mke na mume kwa miezi 6 baada ya kujua, bila kupeleka shauri kwa wakuu wa Kanisa au wa serikali, inachukuliwa kwamba umekwisha kumsamehe.

Ukimsamehe, una haki bado ya kumwuliza alikochelewa. Imani iliyovunjika huchukua miezi, hata miaka. Lakini usilitoe kosa lile kama kiboko mbele ya watoto au wakwe, wala usilipeleke kwenye Jumuiya likawa maombi ya wote.

Kisha nenda nawe ukaungame. Mapadre wanaujua mtindo huu: mama anapiga magoti, na dakika tano nzima ni dhambi za baba! Peleka zako, chuki na matusi na kiapo ulichoapa kwa hasira. Mkienda pamoja Jumamosi jioni, mmoja aingie na mwingine abaki na watoto, na mkiwa njiani kurudi msihojiane padre alisema nini.