Dondoo muhimu: Namba za gari zisomeke

Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na tangu hapo stika za kioo cha mbele zimepungukiwa na kazi. Hata bima sasa huhakikiwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, na faini za tochi (kipima mwendo cha polisi) huangaliwa kwa namba hiyohiyo. Mzigo wote wa kulitambulisha gari umehamia kwenye kibao cha namba. Kifute vumbi na matope, mbele na nyuma. Usikipinde, usikifunike kwa plastiki ya giza wala fremu inayomeza herufi, na taa yake ya nyuma iwake usiku.

Wapo wanaosema wahalifu hubandika namba bandia, hivyo mwaminifu anajisumbua bure. Sikubaliani nao. Namba bandia hugundulika pale gari lililoonekana linapolinganishwa na lililosajiliwa, na isiyosomeka hailinganishwi na chochote. Isitoshe, dereva wa bodaboda anayepinda kibao ili akwepe faini anaficha zaidi ya faini: mtembea kwa miguu aliyegongwa na kuachwa barabarani mara nyingi hana ushahidi mwingine ila tarakimu hizo, na bila kujulikana chombo, familia yake itadai fidia kwa bima ipi? Kibao kikipotea, toa taarifa polisi kwanza, kisha uombe kingine TRA, mamlaka ya mapato. Usijiandikie namba kwenye karatasi.