Homa ya Kiada na Homa ya Mgonjwa

Katika tiba, dalili huitwa za kiada, au klasiki, pale zinapouonesha ugonjwa waziwazi kiasi cha kufaa kufundishia. Asili ya neno klasiki ni Kilatini: kilicho cha daraja la kwanza. Halimaanishi kilicho kingi.

Malaria ni mfano wake. Picha ya kiada ni baridi na kutetemeka, kisha joto kali, kisha jasho. Hali hiyo hurudi kila baada ya saa 48. Mwaka 1886 Camillo Golgi alionesha kwamba homa hupanda pale vimelea vinapopasua seli nyekundu za damu kwa pamoja. Lakini vimelea vya Plasmodium falciparum, vinavyosababisha malaria nyingi Zanzibar, mara nyingi havikomai kwa wakati mmoja. Homa huweza kuwa ya kila siku au isiyo na mpangilio. Mtoto huweza kutapika na kuharisha. Mtu mzima akalalamikia kichwa na uchovu.

Kwa hiyo, msafiri aliyeshuka uwanja wa ndege jirani na Kiembe Samaki akitokea bara, akashikwa na homa wiki mbili baadaye, asingoje kutetemeka ndipo aende kituoni. Malaria hii huweza kuwa kali ndani ya saa 24. Naye mhudumu asimrudishe nyumbani kwa kuwa hafanani na kitabu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa apimwe damu kabla ya kupewa dawa. Picha ya kiada hufundisha cha kushuku; kipimo ndicho huthibitisha.