Bakshishi: Zawadi au Mshahara?

Neno bakshishi asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni zawadi. Kwetu mtu akila mkahawani kisha akamwachia mhudumu senti chache, hiyo ni hisani yake. Asipoacha kitu, hapana neno. Lakini yafaa tujue ya kuwa katika nchi ya Marekani mambo si hivyo.

Huko mlaji hutazamiwa kuongeza kama asilimia 15 hadi 20 juu ya bei ya chakula. Kwa nini? Mwaka 1938 Marekani iliweka sheria ya kima cha chini cha mshahara, lakini wahudumu wa mikahawa hawakuingizwa. Sheria ilipobadilishwa mwaka 1966 wengi wao waliingizwa, ila tajiri aliruhusiwa kuihesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara wao.

Sasa tufanye hesabu. Kwa sheria ya serikali kuu, kima cha chini tangu mwaka 2009 ni dola 7.25 kwa saa. Lakini mhudumu apokeaye bakshishi aweza kulipwa na tajiri dola 2.13 tu, kiasi kisichobadilika tangu mwaka 1991. Dola 5.12 zilizobaki hutoka mifukoni mwa walaji. Zisipotimia, sheria yamlazimisha tajiri kuzijazia.

Wako wanaoisifu desturi hii, kwani katika mkahawa wa fahari mhudumu hodari hupata fedha nyingi kwa usiku mmoja. Wengine huilaumu. Wasema kwamba siku ya mvua wageni huwa wachache, na mgeni akiwa mjeuri mhudumu hana budi kumchekea, maana riziki yake imo mkononi mwa mtu yule. Majimbo kadhaa, kama California, humtaka tajiri alipe kima kizima kabla ya bakshishi. Huko Ufaransa, malipo ya huduma yamo ndani ya bei ya chakula; na Japani watu hawana desturi ya kutoa bakshishi.

Basi tukumbuke tofauti hii: zawadi ni hiari ya mtoaji, bali mshahara ni haki ya mfanya kazi. Vitu hivi viwili vikichanganywa, mnyonge hajui amdai nani.

Maswali
1. Chakula ni dola 40. Bakshishi ya asilimia 20 ni kiasi gani?
2. Je, ni nani apasaye kumlipa mhudumu, tajiri au mlaji? Toa sababu zako.