DVD ya harusi inakataa kwenye deki

SWALI: Nimechoma video ya harusi ya dada yangu kwenye DVD. Kwenye kompyuta inacheza vizuri, lakini deki ya mama inaikataa. Nimekosea wapi?

JIBU: Huenda umechoma faili la MP4 kama data tu. Deki nyingi za zamani hazilisomi. Zinatafuta folda ya VIDEO_TS yenye picha za MPEG-2. Tumia DVDStyler, programu ya bure. Chagua PAL: pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Sauti iwe AC-3, kilobiti 192 kwa sekunde.

Kisha piga hesabu, maana hapo ndipo ubora hupatikana au hupotea. Diski ya GB 4.7 hubeba takribani megabiti 37,600. Video ya saa mbili ni sekunde 7,200. Gawanya: unapata megabiti 5.2 kwa sekunde. Toa sauti na akiba kidogo, picha ibaki na 4.8. Ukilazimisha saa nne kwenye diski hiyo moja, bibi harusi akicheza, shela yake itakatika miraba miraba. Afadhali diski mbili.

Hakikisha diski imefungwa (finalize) baada ya kuchomwa, kisha ijaribu kwenye deki ya mama kabla ya kutoa nakala za ndugu.