Utumbo Kuziba na Tarehe za Hedhi: Mwongozo kwa Watumiaji wa Huduma za Afya, Karatu na Ngorongoro

Mtu mzima anapofikishwa hospitalini Karatu, au Endulen kule Ngorongoro, akiwa amejaa tumbo, anatapika, hapati choo wala hatoi hewa, daktari hufikiria kwanza utumbo uliojisokota, henia iliyonasa, uvimbe, au makovu ya upasuaji wa zamani. Hufanya hivyo kwa haki, maana hizo ndizo sababu za kawaida. Ipo nyingine ya nadra, inayowapata wanawake, ambayo huenda asiifikirie mpaka mgonjwa mwenyewe amtajie tarehe za hedhi.

Ugonjwa huo huitwa endometriosisi. Tishu inayofanana na ile inayotanda ndani ya mji wa mimba huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, na kwa baadhi ya wagonjwa juu ya utumbo, hasa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana endometriosisi. Wanaofikia utumbo kuziba kabisa ni wachache mno. Tishu hiyo hufuata homoni za kila mwezi. Huvimba, huvuja damu, kisha huacha kovu, na baada ya miaka makovu hayo huupinda utumbo na kuibana njia.

Tuchukue mfano wa mwanamke anayelima vitunguu Mang'ola. Kila mwezi, hedhi inapokaribia, tumbo lake hujaa na choo huja kwa maumivu makali; hedhi ikiisha, hupata nafuu. Nyumbani huambiwa ni chango la uzazi. (Jina hilo halikukosea sana: chango ni utumbo pia.) Katika duka la dawa muhimu hupewa dawa ya minyoo, mwezi mwingine dawa ya homa ya matumbo. Kwa kuwa maumivu huondoka yenyewe baada ya siku chache, kila dawa huonekana imefaa, naye hurudi kuinunua. Hivyo ndivyo fedha na miaka hupotea.

Mwenye dalili za namna hii anashauriwa kuandika kwa miezi 3 siku za hedhi, siku za maumivu, hali ya choo, na kama kulikuwa na damu katika choo, kisha ampe daktari daftari hilo. Vipimo peke yake havitoshi. Kamera inayoingizwa katika utumbo mpana inaweza isione kitu, kwa sababu ugonjwa huanzia nje ya ukuta wa utumbo na mara nyingi ngozi ya ndani hubaki nzima. Uhakika hupatikana kipande kilichokatwa kinapochunguzwa kwa hadubini. Ni haki yako kuuliza kama kimepelekwa maabara na majibu yatatoka lini.

Choo na hewa vikikoma kabisa huku ukitapika, usinywe haluli wala mafuta ya nyonyo, wala usikubali kupigwa bomba. Utumbo uliozibwa ukisukumwa unaweza kutoboka. Usile wala kunywa. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Anayetoka Endulen akumbuke kwamba barabara hupita ukingo wa kreta kabla ya kushuka Lodoare, kwa hiyo usafiri utafutwe mapema. Hospitali inaweza kukupa rufaa kwenda Mount Meru mjini Arusha, au KCMC, Moshi; omba fomu ya rufaa na picha zako kabla ya kuondoka.

Kabla ya kutia sahihi ya ridhaa, uliza ni sehemu gani itakatwa, na kama utahitaji kutolea choo tumboni kwa mfuko, tena kwa muda gani. Baada ya upasuaji, uliza kuhusu dawa za homoni, na useme wazi kama bado unataka kuzaa, kwa kuwa nyingi kati ya dawa hizo huzuia mimba wakati unapozitumia.