Somo la Vikundi: Funguo za "Wingu" Anazo Nani?

Tulipotembelea vikundi vya Bute na vijiji vya jirani, swali moja lilirudi mara nyingi. Mama mmoja alilisema hivi: "Zamani tulimpa afisa karatasi, tukaona akiitia ndani ya faili. Siku hizi anaandika kwa kompyuta, halafu ati imekwenda kwenye wingu. Sasa wingu likipeperuka, jina langu nitalitafuta wapi?" Watu walicheka, lakini swali ni la maana. Someni somo hili pamoja, mkae chini mjadili.

1. Wingu ni kitu gani?

Si wingu la mvua. Ni kompyuta nyingi zenye nguvu zilizowekwa katika jumba lenye walinzi, umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto. Jumba hilo laweza kuwa hapa Kenya, kama kile kituo cha taifa cha data cha Konza, ama likawa ng'ambo. Afisa akiandika barua au orodha ya majina, kazi yake inasafiri kwa intaneti mpaka huko na kuhifadhiwa. Ofisi hainunui mashine zile. Inalipa kodi tu, kama mfanyabiashara anayekodi ghala la mwenzake. Kwa kodi hiyo inapata barua pepe, programu za kuandikia na za hesabu, kalenda na mikutano ya video. Zinazojulikana sana ni Microsoft 365 na Google Workspace.

2. Kwa nini ofisi zinahamia huko?

Miaka iliyopita nilifuatilia cheti cha kikundi kimoja cha akina mama katika ofisi fulani. Tulikuwa tumepeleka katiba, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama. Karani akaniambia, "Kompyuta ilikufa, na kila kitu kilikuwa ndani yake." Hakukuwa na nakala nyingine. Akina mama wakaanza upya, na msaada wa mbuzi uliokuwa ukingojea cheti ukaenda kwa wengine. Hakuna mwizi aliyeingia. Ni uzembe wa kuweka mayai yote katika kikapu kimoja.

Wingu likitumiwa vizuri linaondoa shida hiyo, kwa kuwa nakala zinakaa mahali zaidi ya pamoja. Kompyuta ikivunjika, au maji yakiingia ofisini kama yalivyoingia majumbani mwa watu wengi katika mafuriko ya mwisho wa 2023, majina yenu bado yapo.

Lakini tusidanganyane. Wingu linahitaji mtandao. Katika kaunti za Wajir na Mandera milingoti ya simu imewahi kulipuliwa, na watu wakakaa siku nyingi bila mawasiliano. Ofisi inayohamisha kila kitu bila mpango wa siku ambayo mtandao haupo, imemfungia mwananchi mlango.

3. Tujifunze kwa waliotangulia

Los Angeles, Marekani. Mwaka 2009 serikali ya mji huo iliamua kuhamishia barua pepe za wafanyakazi wapatao 30,000 kwenye wingu la Google. Wengi walihama. Polisi walikwama, maana habari za wahalifu na za mashahidi zina sheria kali za ulinzi, na huduma ile haikuzitimiza. Mwishoni mwa 2011 ikakubaliwa polisi wabaki na mfumo wao wa zamani. Funzo ni hili: panga mizigo kabla ya kuhama. Si kila mzigo unafaa ghala moja.

Kenya, Julai 2023. Mwezi mmoja tu baada ya serikali kutangaza huduma 5,000 katika eCitizen, mtandao huo ulishambuliwa. Washambuliaji walituma maombi ya uongo kwa wingi mno hata wenye haja ya kweli wakashindwa kuingia. Ni kama genge la watu wasio na mifugo wajazane mlangoni mwa kisima: maji hayajaibiwa, lakini ngamia wako hanywi. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo watu wa pasipoti na wa viza walisumbuka. Funzo: usalama si kuzuia mwizi peke yake. Ni pia huduma kupatikana siku mtu anapoihitaji.

Kenya, 2015. Katika kashfa ya NYS, malipo ya mamilioni yalipitishwa ndani ya mfumo wa fedha wa serikali uitwao IFMIS. Afisa mmoja alisema neno lake la siri lilitumiwa na wengine kuidhinisha malipo. Mfumo hauwezi kujua ni mkono wa nani umeshika ufunguo. Ukipata neno la siri sahihi, unafungua tu.

4. Sanduku la kufuli 3

Hapo ndipo vikundi vyetu vina la kufundisha. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku la chuma lenye kufuli 3. Funguo ziko kwa watu 3, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Halifunguliwi ila mbele ya mkutano. Ofisi inayohamia kwenye wingu kwa usalama inafuata njia hiyo hiyo:

a) Inahesabu na kupanga mali yake. Tangazo la mkutano si sawa na orodha ya wagonjwa.

b) Inasoma mkataba vizuri kabla ya kutia sahihi. Data itakaa nchi gani? Mkataba ukiisha itarudishwaje?

c) Inampa kila mtu ufunguo wa kazi yake tu. Karani wa maji hana haja ya kufungua faili za hospitali. Mtu akihamishwa kazi, ufunguo unachukuliwa siku hiyo hiyo.

d) Inatumia kufuli 2: neno la siri, halafu namba inayokuja kwa simu au kifaa kingine. Mwenye kuiba moja bado amefungiwa nje. Nakiri, mimi mwenyewe niliwahi kuandika neno la siri kwenye karatasi na kuibandika mezani. Usinifuate!

e) Inaweka daftari la nani amefungua nini, na kulisoma. Mwaka 2023 wadukuzi walisoma barua pepe za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zilizokuwa kwenye wingu la Microsoft. Waligunduliwa kwa sababu wafanyakazi wa wizara walilichunguza daftari hilo.

f) Inafundisha wafanyakazi, inaanza na idara moja ndogo, na inajaribu kurudisha nakala kabla shida haijafika.

5. Wewe unahusika vipi?

Usiseme haya ni mambo ya Nairobi. Tangu mpango wa HSNP ulipoanza mwaka 2008 katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, majina ya jamaa nyingi za kwetu yameingia kwenye kompyuta. Baada ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kikundi chako pia kina kumbukumbu zake serikalini.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki. Una haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, ya kuziona, na ya kutaka kosa lirekebishwe. Data ikivuja na kuweza kukudhuru, ofisi husika lazima imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ukimpelekea Kamishna malalamiko, uchunguzi unatakiwa umalizike ndani ya siku 90. Sheria hii ina meno: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Basi ukiulizwa kitambulisho na alama za vidole, uliza kwa adabu: "Bwana afisa, habari hizi zitakaa wapi, na nani atazifungua?" Hilo si utovu wa heshima.

Nasi tujiangalie. Namba za vitambulisho vya wanachama zisitumwe ovyo kwa WhatsApp. Neno la siri la M-Pesa ya kikundi lisikae kwa mtu mmoja wala lisitajwe mkutanoni. Weka nakala ya daftari katika nyumba ya pili.

Maswali ya kujadili

1. Ni ofisi zipi zina majina yetu? Ziandikeni.
2. Je, kuna mwanachama aliyewahi kukosa haki yake kwa jina kupotea au kuandikwa vibaya? Alifanya nini?
3. Mtandao ukikatika wiki nzima, tutaomba ofisi itusaidie kwa njia gani?
4. Funguo za kikundi chetu anazo nani leo?

Chagueni watu 2 wapeleke swali la tatu katika baraza lijalo, na walete jibu kwa mkutano.